Jua Halizami Nyuma ya Nyumba ya Pampu

Hortobágy, 17 Septemba 2018

Mwanangu Emőke,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako, na kutoka kwa mbwa pia, ambaye amelalia karatasi hii mpaka nikamfukuza. U mzima huko Linz? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kuwanyanyua wazee wa watu? Mimi sijambo. Goti linalia mvua ikikaribia, na sikio la kushoto limekufa kabisa, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Mara ya mwisho uliniambia "nimechoka", mimi nikasikia "nimechumbiwa". Nikamtangazia jirani yetu Terka, naye akaoka keki. Aibu yangu.

Korongo wameanza kufika. Jana jioni nilihesabu kama mia mbili, wakitoka kwenye mabua ya mahindi kuja kulala bwawani. Wapiga picha wa Budapest nao wameanza kufika, na mavazi yao ya kijani kana kwamba wanakwenda vitani. Wote wanataka kitu kilekile: ndege weusi mbele ya jua jekundu. Nami ndicho nilichokipiga miaka ishirini, kwa hiyo siwacheki sana.

Sasa la maana. Tarehe kumi na tisa Oktoba mama yako atatimiza miaka miwili kaburini, na bado ana ubao mtupu badala ya jiwe. Nimekwenda kwa Dezső, fundi wa mawe. Ataandika jina lake, Ilka, na langu pembeni, Ambrus, pamoja na mwaka wangu wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi. Terka anasema kuandika jina la mtu hai kaburini ni kujiita kifo. Nikamwambia nusu ya wajane wa kijiji hiki wana kistari chao kule na wanakula vizuri tu.

Juu ya majina nataka wale korongo wa picha yangu, ile iliyo ukutani kwako, niliyoipiga bwawani jioni ya mwisho, wakati mama yako anaanguka nyumbani peke yake. Dezső hawezi kuchonga kutoka kwenye kijipicha. Anataka mistari tu, umbo la kila ndege kwa penseli, na wewe una mkono wa kuchora tangu utotoni. Nimeagiza duka la picha la Debrecen waitoe kubwa, nzima, nimeikunja ndani ya bomba hili. Weka juu yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, uwafuate ndege mmoja mmoja. Jiwe liwe tayari kabla ya Siku ya Watakatifu Wote, tuwashe mishumaa mbele ya kitu cha maana.

Kula vizuri. Usiwamalizie wazee wa watu nguvu zako.

Baba yako,
Ambrus


Linz, 24 Septemba 2018

Baba mpendwa,

Nakubusu mkono. Hujambo? Goti limekwenda kwa daktari, au unalitibu kwa palinka, ile pombe yako ya matunda, kama kawaida? Mimi ni mzima, mgongo ni uleule, na sijachumbiwa. Mwambie Mama Terka keki haijapotea, nitakuja kuila hivyohivyo.

Bomba limefika. Posta wamelibonyeza kidogo lakini picha imepona. Ni kubwa kuliko meza yangu. Nilipita nayo kazini nikawaonyesha wazee. Kuna Bi Hedwig, ana miaka tisini na moja, hakubali kitu chochote bila kubishana nacho kwanza. Aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Wanakwenda au wanarudi?"

Nikamwambia, "Wanarudi kulala, bibi. Ni jioni."

Akasema, "Umejuaje? Weusi mtupu hawa."

Nikamwambia baba yangu ndiye aliyepiga, na baba yangu anajua.

Jana nilipika supu kwenye ile sufuria ya mama niliyokuja nayo, yenye kibonyeo ubavuni. Unakumbuka ni ya ugomvi gani? Mimi nadhani ni wa mwaka ule ulipouza baiskeli yake ili ununue lenzi. Mama alikuwa na shabaha! Alikuwa akikasirika anarusha sufuria mbili na mfuniko, kisha anatuita mezani kama vile hakuna kilichotokea. Wakati ule nilikuwa naona haya kwa majirani. Sasa natamani kuisikia kelele ile tena.

Najua tarehe inakaribia na najua unavyojitafuna. Nakurudia niliyokwambia siku ya mazishi: usingeweza kujua. Ulikuwa bwawani, kilomita tisa. Na daktari aliniambia mama alikwenda hapohapo, kama mshumaa uliopulizwa. Kwa hiyo lala usingizi, Baba. Jumapili nina mapumziko, nitachora.

Binti yako,
Emőke


Linz, 30 Septemba 2018

Baba,

Nisamehe, leo sisalimii.

Nimechora korongo kumi na saba. Nilianza kushoto, nikaenda kulia polepole. Ile picha yangu ya ukutani ni ndogo, ndege na anga tu. Hii nzima ina ukingo wa kulia ambao sijawahi kuuona. Na pale ukingoni, mbele ya jua lenyewe, kuna jengo. Paa limebonyea katikati. Bomba la moshi limevunjika nusu. Nililichora bila kufikiri, penseli ikafika kwenye lile bomba ikasimama yenyewe.

Ni nyumba ya pampu.

Baba, mimi nimekulia kwenye tuta lile la bwawa. Wewe umefanya kazi ndani ya nyumba ile miaka thelathini na moja, nami ndiye niliyekuwa nakuletea chakula cha mchana. Iko mashariki ya bwawa. Jua halijazama nyuma ya nyumba ya pampu tangu Mungu aliumbe. Jua huchomoza pale.

Nikawatazama upya ndege wenyewe. Hawaji majini, wanatoka. Na wametoka watatu watatu, wanne wanne, baba na mama na watoto, vile wanavyoondoka asubuhi. Jioni hurudi kwa jeshi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Bi Hedwig aliuliza swali la maana nikamjibu kwa kiburi.

Hii ni picha ya asubuhi. Kwenye picha za kivuli asubuhi na jioni ni mapacha, mtu yeyote anaweza kudanganyika, lakini si wewe. Basi kwa nini uliniambia ni ya jioni ile? Uliwaambia watu wote. Mchungaji aliisema juu ya jeneza: mume alikuwa akitazama ndege wakirudi, mke naye akarudi kwa Bwana wake. Kanisa zima lililia. Mimi nililia kuliko wote.

Labda kuna jibu jepesi. Niandikie hilo jibu jepesi, tafadhali. Nimekaa sakafuni tangu saa nane, nimeduwaa, hata taa sijawasha.

Emőke, binti yako


Hortobágy, 8 Oktoba 2018

Mwanangu Emőke,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila goti. Samahani kwa kuchelewa, tumekuwa na mvua siku tano na barabara ya kwenda posta imekuwa tope tupu.

Korongo sasa ni maelfu. Bwawa la tatu wameshalitoa maji kuvua samaki, na ndege wamelipenda tope lile kuliko kitanda cha hoteli. Terka ameumwa mafua lakini amepona. Dezső anauliza michoro.

Kuhusu picha, nadhani ni yule mama wa duka la picha Debrecen. Ana mafaili yangu mengi, miaka mingi, yamechanganyika. Labda ametoa nyingine. Labda ameigeuza, ya kushoto ikawa kulia. Haya mambo ya kompyuta unayajua wewe. Usijisumbue nayo. Chora ndege tu, jengo liache, Dezső hahitaji jengo.

Vaa soksi za sufu, huko kwenu baridi inawahi.

Baba yako,
Ambrus


Linz, 12 Oktoba 2018

Baba,

Hata ukiigeuza picha kushoto kulia, hata ukiisimamisha kichwa chini, jua bado liko nyuma ya nyumba ya pampu.

Na si picha nyingine. Nimeiteremsha ile ndogo ukutani nikailaza juu ya kubwa. Ndege ni walewale, kumi na saba, yule wa mwisho ana bawa lililopungua unyoya. Ile ndogo imekatwa kwa mkasi. Mkasi wako, Baba, hukata kwa kupinda kidogo kwa sababu ya kidole chako kile kisichokunjika. Ulikata ukingo ili nisiuone. Kisha miaka miwili baadaye ukaniletea picha nzima kwa mikono yako mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa anapenda kusema hivyo akikutazama wewe, tukacheka.

Sasa sicheki. Ulikuwa wapi jioni ile? Kama ni mwanamke, sema. Kama ni Terka, sema hata hilo, nitapiga kelele kisha yataisha. Kama ulikuwa umelewa kwenye mtaro wa mtu, sema. Kila usiku nakuweka mahali pengine papya na kila mahali ni pabaya kuliko pa jana. Nakosea dawa za wazee kazini. Juzi muuguzi mkuu alinishika mkono nikimpa mzee kidonge kisicho chake.

Mama hayupo. Nimebaki na wewe tu, na sasa sijui nimebaki na nani. Kama barua ijayo ina habari za matope na mafua ya jirani, sitaifungua nyingine.

Emőke, binti yako


Hortobágy, 19 Oktoba 2018

Mwanangu Emőke,

Nakusalimu, kama bado unaipokea salamu yangu. Hali yangu si nzuri. Nimetoka kaburini kwa mama yako sasa hivi.

Hakuna mwanamke. Terka wa watu, angesikia angeniua kwa mwiko. Nilikuwa nyumbani, Emőke.

Nakueleza yote, usinikatize kichwani mwako mpaka nimalize.

Picha ile ni ya siku hiyohiyo, lakini ya asubuhi. Mama yako alikosa usingizi akanifuata bwawani, na koti langu la zamani na chupa ya chai. Alisimama nyuma yangu akinisema kwa kelele ninazopiga kwa kamera. Ilikuwa asubuhi njema. Jioni nilitaka kwenda tena. Akaniambia, "Leo usiende, kaa, tumwandikie mtoto. Mwambie arudi, au mwambie tumfuate sisi." Nami nilikuwa bado nina hasira nawe kwa kuondoka, hasira za kijinga za mzee, nikamwambia, "Aliyeondoka ameondoka. Mimi si ndege wa kuhamahama." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Akatupa sufuria. Ilipita karibu na sikio langu, lile zima.

Sikwenda bwawani. Nilinuna nikaenda jiko la nje, nikafunga mlango, nikafungua redio na palinka. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu, jua bado halijazama. Nikasikia kishindo nyumbani, na kitu cha bati kikabingirika sakafuni. Nikacheka. Nilicheka, Emőke, nikajisemea peke yangu, "Hiyo ya pili, bado mfuniko." Nikangoja mfuniko. Nikangoja aniite mezani, maana ndivyo alivyokuwa. Nilisema moyoni, sitangulii mimi, safari hii aanze yeye. Nikanywa, nikasinzia kwenye kiti.

Niliingia saa tatu usiku kwa sababu ya njaa. Kwa njaa, si kwa wema. Alikuwa chini, kati ya jiko na mlango.

Daktari alipokuja alinikuta nimesimama kwenye ukumbi. Begi la kamera lilikuwa pale mlangoni tangu asubuhi. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi, Ambrus?" Nikalitazama begi, mdomo ukasema, "Bwawani." Neno moja. Nilidhani nitalirekebisha kesho. Kesho Terka alikuwa ameshaliambia kanisa zima, nawe ukashuka kwenye treni ukanikumbatia ukasema, "Usingeweza kujua, ulikuwa mbali." Ukaomba uone picha niliyopiga jioni ile. Nilikuwa na picha moja tu ya siku ile. Nikachukua mkasi.

Mwaka huu Dezső aliposema kubwa, nikaagiza kubwa. Nilikuwa nimesahau nilikata nini na kwa nini. Uwongo niliuzoea mpaka nikawa naiona jioni ile bwawani kwa macho yangu, na baridi yake mikononi.

Nina kitu kimoja tu ninachokishikilia usiku nikiamka. Wewe ndiye uliyezungumza na daktari wa Debrecen aliyemchunguza, mimi sikuweza. Ulisema alikwenda hapohapo, kama mshumaa. Basi hata ningetoka mbio nisingemkuta. Nimeishi kwa neno lako hilo miaka miwili. Lakini nilipomshika mkono saa tatu ile ulikuwa na joto, Emőke. Najiambia ni kwa sababu jiko lilikuwa linawaka.

Ilikuwa hapohapo, sivyo? Nijibu hilo. Mengine yote nitukane utakavyo.

Baba yako,
Ambrus


Linz, 25 Oktoba 2018

Baba,

Nakubusu mkono. Nimeiandika salamu hiyo mara nne nikaifuta, mwishowe nimeiacha.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za jengo, na sare ya kazi mwilini. Niliposoma pale ulipocheka nilikaa chini. Jirani mmoja alipita akaniruka kwa adabu. Sikulia. Nilihisi kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua, nikakaa tu natazama mkono wangu.

Siku tatu nimekuchukia. Nakwambia wazi. Niliwalisha wazee uji huku nikikuona umekaa na redio, ukimngoja mama arushe mfuniko. Kisha siku ya nne nikajiona na mimi nimekaa pale na wewe, nikingoja, maana hata mimi ningecheka. Nyumba yetu nzima ingecheka. Ndivyo alivyotuzoesha. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba kelele ya mama kufa na kelele ya mama kukasirika zilikuwa kelele moja, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angezitofautisha.

Sasa swali lako.

Nimeandika barua mbili za kukujibu ndiyo. Zote nimezichana. Ningeweza kukujibu ndiyo, Baba, nina ujuzi. Kila siku nawaambia wazee wa watu: binti yako atakuja Jumapili, mguu utapona, nyumba yako bado ipo. Hulala vizuri. Nami ndivyo nilivyokufanyia siku ya mazishi. Ulikuwa umesimama na kofia mkononi, umesinyaa, nikaona huyu akiambiwa kweli hataufikisha mwezi. Nilidhani ulikuwa bwawani. Nilidhani uwongo wangu haumgusi mtu.

Haikuwa hapohapo.

Daktari wa Debrecen aliniita kwenye korido. Alisema mshipa ulipasuka kichwani, akaanguka, na aliishi baada ya hapo. Kwa muda wa saa tatu, labda zaidi kidogo. Alisema alijaribu kusogea. Nilimuuliza kama alikuwa na akili zake, akasema hakuna anayejua. Nikamuuliza kama mtu angekuwepo ingekuwaje. Alisema labda angepona nusu, labda asingepona kabisa, labda angekufa mikononi mwa mtu. Nimewauguza waliopona nusu. Sijui angechagua lipi. Sijui, Baba, na hakuna mahali pa kwenda kuuliza.

Kwa hiyo mkono ulikuwa na joto kwa sababu alikuwa ametoka kuondoka.

Nimelia kwa kuandika mstari huo. Nimeuandika kwa sababu wewe umenipa kweli yako ikiwa mbichi, na nikikurudishia uwongo utabaki peke yako kwenye jiko lile mpaka kistari chako kijazwe. Usifanye ujinga wowote. Mwonyeshe Terka barua hii usiku huohuo utakapoipata, umwambie yote, ulale kwake kwenye benchi la jikoni. Nimeshampigia simu. Sikumwambia kitu, nimemwambia tu akufungulie mlango, akaniambia, "Kwani lini niliufunga?"

Michoro nimempelekea Dezső moja kwa moja. Nimemwambia ni asubuhi.

Nimeomba likizo. Nafika Jumatano kwa treni ya saa kumi, ya kuamkia Siku ya Watakatifu. Sijui nitakuambia nini nikikuona pale kituoni. Huenda nisiseme neno mpaka nyumbani. Huenda nikakupigia kelele mpaka kijiji kizima kitoke nje, na mara hii kikae kusikiliza. Huenda nikashindwa kula chakula chako. Lakini nafika, Baba. Uje kunipokea.

Binti yako,
Emőke